Seli za kinga ndani ya uvimbe wa saratani ya ini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Maswali haya nimeyasikia kwenye mabenchi ya kliniki, ndani ya matatu ya Busia na hata matangani. Mara nyingi huulizwa na binti au kijana aliyekesha kando ya kitanda cha mzazi wake akisoma simu: "Nimeona wanasema seli za kinga zikiingia kwenye uvimbe mtu huishi zaidi. Je, baba yangu anazo?" Mimi ni muuguzi, na kwa miaka nimekuwa nikijibu vipande vipande. Hapa nimeviweka pamoja. Kama una swali moja tu, ruka moja kwa moja hadi kwalo.

## Mambo ya msingi

1. Saratani ya ini ni ipi, na inatofautianaje na saratani "iliyofika kwenye ini"?

Saratani ya ini yenyewe huanzia kwenye ini. Ile iliyofika kwenye ini ilianza kwingine, kwa mfano kwenye titi, utumbo au kongosho, kisha ikasafiri na damu. Ukurasa huu unahusu ile ya kwanza, hasa aina inayotokana na hepatosaiti, seli kuu za ini, ambayo ndiyo visa karibu 8 kati ya kila 10. Muulize daktari mgonjwa wako ana ipi kabla ya kuendelea kusoma, kwa sababu takwimu za hapa hazimhusu mwenye ile ya pili.

Mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na wapatao 758,000 walifariki kwa sababu yake. Tazama jinsi hesabu hizo mbili zilivyo karibu. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kuelewa kwa nini mgonjwa mmoja huishi miaka na mwenzake miezi tu.

2. Seli za kinga hufanya nini ndani ya uvimbe?

Uvimbe si donge la seli za saratani peke yake. Kipande chembamba chake kikitiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana mishipa ya damu, nyuzi za kovu, na katikati ya hayo yote seli za kinga zilizotoka kwenye damu zikaingia humo.

Kila aina ina kazi yake. Seli T uaji, ambazo maabara huzitambua kwa alama ya CD8, hukagua seli moja baada ya nyingine na kuitoboa ile inayoonyesha alama ngeni. Seli NK nazo huua, lakini hazihitaji kufundishwa kwanza. Makrofeji ni walaji: humeza mabaki na kuita wenzao. Kisha kuna seli T tulizi, ambazo huwaambia wengine wapoe. Bila hizo mwili ungejishambulia wenyewe, kwa hiyo usizione kuwa adui tangu mwanzo.

3. Kwa nini kinga ya ini husemwa kuwa ni ya upole?

Fikiria mpaka wa Busia. Malori hupita mchana na usiku. Maafisa wa forodha wakiamua kukamata kila lori, huku Kisumu hatutakula. Ini nalo liko hivyo. Karibu robo tatu ya damu yake hutoka matumboni, ikiwa imebeba chakula pamoja na vipande vya bakteria. Kinga ya hapo lazima ijue kuvumilia, la sivyo ini lingekuwa linawaka moto kila baada ya mlo.

Ini lina walinzi wake wakaazi, seli za Kupffer, zinazoitwa kwa jina la Mjerumani Karl von Kupffer aliyezieleza mwaka 1876. Hizo huchuja damu hiyo bila kelele. Shida ni kwamba saratani ikichipuka mahali palipozoea kuvumilia, huvumiliwa pia.

4. Kama kinga ipo, mbona saratani ilikua?

Sababu ya kwanza iko kwenye swali la 3. Ya pili ni uchovu, na sisemi kwa mfano: seli T zinazopambana na virusi vya homa ya ini aina ya B kwa miaka 20 au 30 huchoka kweli. Hubaki mahali pale, zikiwa hai, lakini makali yameisha. Juu ya ngozi yake huota kitufe kiitwacho PD-1, ambacho kikibonyezwa seli husimama. Seli za saratani na jirani zake hujifunza kukibonyeza. Ugunduzi wa jinsi ya kutibu saratani kwa kuzuia vitufe vya namna hii ndio uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani tuzo ya Nobeli mwaka 2018.

## Seli zipi, na muda wa kuishi

5. Ni kweli wenye seli nyingi za kinga kwenye uvimbe huishi zaidi?

Kwa seli T uaji, ndiyo, na jambo hilo limeonekana tena na tena. Lakini "seli nyingi za kinga" ni jibu la haraka mno. Kinachohesabika ni aina ya seli, mahali zilipo, na uwiano wa aina moja kwa nyingine.

Utafiti ninaopenda kuueleza ulitoka Shanghai mwaka 2007. Wagonjwa 302 walikuwa wamekatwa uvimbe wa ini kwa upasuaji. Watafiti walihesabu seli T uaji zilizo macho na seli T tulizi ndani ya vipande vilivyohifadhiwa. Miongoni mwa waliokuwa na wauaji wengi na watulizaji wachache, asilimia 64 walikuwa hai baada ya miaka 5. Miongoni mwa waliokuwa kinyume chake, ni asilimia 24 tu. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja na walifanyiwa upasuaji ule ule.

Wazo hili lilishika nguvu mwaka mmoja kabla, kupitia kazi ya Jérôme Galon na wenzake huko Paris juu ya saratani ya utumbo mpana. Walionyesha kwamba aina, wingi na mahali pa seli za kinga hubashiri mwisho wa mgonjwa vizuri, wakati mwingine kuliko hatua ya ugonjwa inayoandikwa kwenye faili.

6. Kuna seli za kinga zinazomdhuru mgonjwa?

Zipo. Seli T tulizi zikijaa ndani ya uvimbe, wauaji hufungwa mikono. Makrofeji nazo zina tabia mbili: kuna zinazopigana, na kuna zilizogeuzwa na uvimbe zikawa zinaujengea mishipa ya damu na kuufunikia makosa. Zikirundikana ukingoni mwa uvimbe wa ini, mara nyingi mgonjwa hafanyi vizuri. Nutrofili, askari wa kwanza wa mwili dhidi ya bakteria, zikizidi humo nazo huwa dalili mbaya.

7. Kukaa pembeni ya uvimbe au katikati yake kuna tofauti?

Kubwa. Ukiajiri walinzi 40 wa soko la Kibuye na wote wakasimama getini, mwizi aliye katikati ya vibanda ana raha. Kuna uvimbe wenye seli T nyingi ukingoni na patupu katikati, kwa sababu kovu na mishipa mibovu ya damu huzizuia kupenya. Kuna pia uvimbe ambamo seli B (zinazotengeneza kingamwili) na seli T hujikusanya na kujenga kambi ndogo, kama tezi iliyoota mahali pasipo pake. Kambi hizo zikiwa ndani ya uvimbe wa ini, hatari ya saratani kurudi mapema baada ya upasuaji huwa ndogo.

8. Daktari alisema uvimbe ni "baridi". Maana yake nini?

Kwamba seli T hazijaingia, au ni chache mno. Si neno la joto la mwili. Baadhi ya uvimbe wa ini huwa baridi kwa sababu ya mabadiliko katika jeni ya beta-katenini, ambayo huuzima wito wa kuita seli za kinga.

9. Basi seli hizo ndizo zilizowaponya walioishi muda mrefu?

Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Kuonekana pamoja si kusababisha. Huenda uvimbe mpole ndio unaoruhusu seli kuingia, na upole wake huo huo ndio unaompa mgonjwa miaka. Huenda pia mwenye ini lenye afya zaidi ndiye mwenye kinga nzuri zaidi. Ushahidi kwamba seli zenyewe zinafanya kazi ulipatikana pale dawa zilipoziamsha na baadhi ya uvimbe ukanywea. Soma swali la 13.

## Vipimo

10. Tunaweza kupimiwa wapi idadi ya seli hizi? Tuko tayari kuuza ng'ombe.

Msiuze ng'ombe. Kuhesabu seli hizi si kipimo cha kawaida cha kuamua tiba ya saratani ya ini, hapa wala ng'ambo. Ni kazi ya utafiti bado.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kwa mgonjwa ambaye ini lake limesinyaa na kuwa gumu, saratani hii mara nyingi huthibitishwa kwa picha ya CT au MRI yenye dawa ya rangi, bila kutoa kipande chochote. Hakuna kipande, hakuna cha kuhesabu. Na hata kipande kikitolewa kwa sindano, ni uzi mwembamba kutoka kona moja ya uvimbe; kona ya pili inaweza kuwa na hadithi nyingine kabisa. Fedha ya ng'ombe huyo itafanya kazi zaidi kwenye picha ya CT, endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya umio na tumbo) na vipimo vya homa ya ini B na C.

11. Nimesoma kuhusu uwiano wa nutrofili na limfosaiti kwenye damu. Huo vipi?

Huo upo karibu nawe. Kipimo cha damu kamili, kile hospitali nyingi za kaunti hufanya, huonyesha idadi ya nutrofili na ya limfosaiti, yaani kundi lenye seli T, seli B na NK. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwa wagonjwa wa saratani ya ini, uwiano mkubwa umehusishwa na maisha mafupi.

Lakini malaria, nimonia, jipu, au dawa za steroidi (zinazotuliza kinga) huubadilisha kwa siku moja. Nimemwona mama akilia kwa ajili ya namba aliyoikokotoa mwenyewe kwenye simu, wakati mumewe alikuwa na maambukizi kifuani ambayo yalitibiwa na yakaisha. Mwachie daktari aisome pamoja na mengine.

12. CD4 ya kliniki ya HIV ndiyo seli hizi?

Ni ukoo mmoja, lakini kipimo tofauti. CD4 ya kliniki huhesabu seli T saidizi zilizo kwenye damu. Haisemi ni seli gani zimeingia kwenye uvimbe. CD4 ya 800 haimaanishi uvimbe umezingirwa.

## Tiba

13. Dawa za kuamsha kinga husaidia kiasi gani?

Tangu 2007 dawa kuu ya saratani ya ini iliyosambaa ilikuwa sorafenibu, vidonge vilivyoongeza takriban miezi 3. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 501 lililolinganisha sorafenibu na mseto wa dawa mbili za dripu, atezolizumabu na bevasizumabu. Ya kwanza huondoa kidole cha saratani kwenye kile kitufe cha swali la 4. Ya pili hupunguza mishipa ya damu ya uvimbe, na kwa kufanya hivyo huwafungulia njia askari waliokwama getini. Nusu ya waliopata mseto waliishi zaidi ya miezi 19, wakati kwa sorafenibu ilikuwa miezi 13. Mseto mwingine, durvalumabu na tremelimumabu, uliwaacha karibu robo ya wagonjwa hai baada ya miaka 4, dhidi ya asilimia 15 wa sorafenibu.

Uvimbe hunywea wazi kwa karibu wagonjwa 3 kati ya 10. Nasema hivi kwa sababu familia hufika zikiwa zimesikia ushuhuda wa yule mmoja aliyepona. Yupo kweli. Saba wengine nao wapo. Na waliojaribiwa walikuwa watu ambao ini lao bado lilifanya kazi vizuri, kundi A katika alama za Child-Pugh, zinazopima jinsi ini linavyofanya kazi. Mgonjwa mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji hakuwa miongoni mwao.

14. Kwa nini daktari anataka endoskopi kabla ya dripu?

Kutafuta mishipa iliyovimba kwenye umio. Bevasizumabu huongeza hatari ya kutokwa na damu, na mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu na anaweza kufa usiku huo huo.

Kwetu kando ya ziwa hili ni jambo zito kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Kichocho cha matumbo, kinachoambukizwa kwa kukanyaga na kuoga majini, huacha kovu kando ya mishipa ya ini na kuvimbisha hiyo mishipa ya umio hata kwa mtu asiye na saratani. Mvuvi wa Dunga, Usenge au Mbita anaweza kuwa na vyote viwili. Mwambie daktari kama mgonjwa amewahi kutapika damu au kutibiwa kichocho, hata kama ni miaka 15 iliyopita. Mishipa hiyo hufungwa kwa mipira midogo, kisha tiba inaweza kuendelea.

15. Kinga ikiamshwa, haitaushambulia mwili?

Inaweza. Utumbo (kuharisha kusikoisha), mapafu, tezi ya shingo, ngozi, na ini lenyewe. Ukiharisha mara nyingi kwa siku au ukaanza kukosa pumzi, usingoje tarehe ya kliniki. Tiba yake huwa ni steroidi, na ikianza mapema wengi hupata nafuu.

16. Mgonjwa ana HIV au homa ya ini B. Anaruhusiwa?

Kuwa nazo pekee hakumfungii mtu mlango. Mwenye homa ya ini B huwekwa kwanza kwenye dawa ya kuzuia virusi hivyo, kwa kawaida tenofoviri. Wanaotumia ARV zenye tenofoviri na lamivudini tayari wanatibiwa vyote viwili, mara nyingi bila kujua. Ndiyo maana kuziacha ghafla ni hatari maradufu: virusi vya ini huweza kuruka juu na kuliangusha ini ndani ya wiki chache.

17. Na aliyepandikizwa ini?

Dawa hizi zinaweza kuifanya kinga ilikatae ini jipya, na kukataa huko kunaweza kuua. Ni uamuzi wa wataalamu wa upandikizaji peke yao.

18. Tunauziwa unga na majani ya "kuongeza kinga". Yanaingiza seli kwenye uvimbe?

Hapana. Nimekuwa nikiona chupa hizi kando ya vitanda kwa miaka, na zinaniuma, kwa sababu mara nyingi zimegharimu karo ya mtoto. Hakuna majani, vitamini wala unga uliothibitishwa kuzipeleka seli T ndani ya uvimbe wa ini. Tena dawa yoyote ya kunywa hupitia ini kwanza, na baadhi ya mitishamba hulidhuru. Kama mzee ameshakunywa, usimgombeze. Lete chupa au majani yenyewe kliniki tuyaone.

19. Gharama na SHA?

SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa 10 mwaka 2024, na saratani imo. Kiasi kinachobaki cha mwaka kiulize kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya kukubali tiba, kwa sababu dripu za swali la 13 ni ghali na hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Dozi moja isiyo na ya pili haifai.

## Familia, chanzo na hali ngumu

20. Ana miezi mingapi?

Siwezi kukujibu, na asiyemwona mgonjwa asikujibu. Ila ukweli wa bara letu nitausema. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa 2017, zikiwemo Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba nje ya Misri nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya miezi 2.5. Misri ilikuwa karibu miezi 11. Wetu walikuwa vijana zaidi, wengi wa miaka ya arobaini, na wachache mno walipata tiba yoyote ya saratani yenyewe.

Pengo hilo haliwezi kuwekwa kwenye hesabu ya seli T. Wamisri walitafutwa mapema na wakatibiwa. Kila ninaposoma habari mpya za seli za kinga hufurahi, kisha huikumbuka ile miezi 2.5.

21. Sisi watoto na wake zake tupimwe?

Ndiyo, wiki hii. Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu. Chanjo iliingia katika ratiba ya watoto Kenya mwaka 2001, hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Ukiwa huna virusi, chanja: dozi tatu ndani ya miezi 6. Ukiwa navyo, uliza kuhusu tenofoviri, na upigwe altrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. Uvimbe wa sentimita 2 hukatwa au huchomwa. Ule unaoonekana kwa macho juu ya tumbo mara nyingi haukatwi tena.

Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wake ikashuka.

22. Ni kweli mahindi na njugu huleta saratani ya ini?

Ukungu ndio huleta, kupitia sumukuvu iitwayo aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi, ugali uliopikwa vizuri kutokana na mahindi yaliyooza bado una sumu. Inachofanya ni kuharibu jeni ya p53, mlinzi wa ndani ya seli. Kwa mwenye homa ya ini B madhara huzidishana: uchunguzi wa Shanghai wa miaka ya tisini ulikuta waliokuwa na vyote viwili wana hatari takriban mara 60 ya wasio na chochote.

Kausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini, juu ya turubai na si juu ya udongo, na usinunue njugu zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani kwa sababu tu ni bei nafuu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafa. Hiyo ilikuwa sumu ya ghafla. Ya kidogo kidogo haipigi kelele.

23. Majirani wanasema amewekewa sumu, au ni chira (laana ya kuvunja mila). Tuwajibuje?

Kwa heshima. Mtu wa miaka 42 aliyekuwa akilima juzi akivimba tumbo na kukonda ndani ya miezi miwili, ni kawaida watu kutafuta mkosaji. Waambieni mlichopima: homa ya ini B ipo au haipo, picha inaonyesha nini. Kama wazee wanataka kufanya la mila, lifanyike bila kumnywesha kitu, na tarehe ya kliniki isipite.

24. Wametuambia hakuna tiba ya saratani iliyobaki. Tumrudishe nyumbani tu?

Mnaweza kumrudisha nyumbani, lakini si mikono mitupu. Kisumu, Eldoret na Nakuru kuna hospisi, vituo vya kumtunza mgonjwa asiyeponyeka na kumpunguzia maumivu. Maji ya tumbo hutolewa kwa sindano na mtu akalala tena. Kwa maumivu makali kuna mofini ya kunywa, na si kweli kwamba ukiianza umekata tamaa. Parasetamoli inaruhusiwa, lakini isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Usimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani: kwa ini lililochoka huweza kuharibu figo na kumfanya mtu atokwe na damu. Na akianza kuchanganyikiwa au kulala mchana kutwa, pigeni simu kabla ya kungoja asubuhi. Mara nyingi ni choo kigumu au maambukizi yaliyolifanya ini lishindwe kusafisha damu, na hilo bado linatibika.